Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaisikia tangu utotoni, na aghalabu huitumia kumsifu mtu anayewatumikia jamaa zake. Lakini ndani yake limo swali ambalo wahenga hawakulijibu. Mcheza kwao akitaka kwenda kucheza ugenini, ni nani ampaye ruhusa? Ni nani asemaye kwamba huyu, wala si yule, ndiye anayestahili kusimama mbele ya wageni kwa jina la shule, la wilaya au la mkoa? Katika lugha ya michezo jambo hili huitwa kufuzu. Sisi twaliona kuwa ni jambo la utamaduni kabla ya kuwa jambo la michezo, kwa maana namna jamii inavyomchagua mwakilishi wake huonyesha waziwazi inathamini nini na inaogopa nini.

Sisi tuandikao haya tumefundisha kwa miaka kadhaa katika nchi ya Wanyantuzu, huko Bariadi. Bariadi leo ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuimega Shinyanga na kuongezewa Busega kutoka Mwanza. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Watanzania wengi huujua mkoa huu kwa pamba yake na kwa ng'ombe wake, na wanaopita njiani kuelekea Serengeti huyakumbuka mawe yake makubwa na mibuyu yake. Sisi twataka kuzungumza juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni watu waketio wawili wawili wakishindana kwa akili, na jinsi mmoja wao apatavyo haki ya kwenda kushindana mahali pengine.

Michezo ya akili si migeni Usukumani. Tangu zamani Wasukuma wanao mchezo wao wa bao uitwao isolo. Wengine huuchezea juu ya ubao uliochongwa, na wengine huchimba mashimo ardhini na kutumia mbegu au vijiwe. Mjini Bariadi, kama ilivyo katika miji yetu mingi, ipo pia drafti, ambayo kete zake mara nyingi ni vizibo vya soda: upande mmoja huviweka chali, upande wa pili huvifudikiza. Katika baadhi ya shule tumeiona na sataranji, yenye mfalme na malkia wake, farasi wake na ngome zake, ikichezwa saa za jioni na wanafunzi wachache ambao wenzao huwashangaa.

Msomaji anayependa hesabu atafurahi kulinganisha. Bao la Kiswahili, lile la pwani, lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na viwanja 64. Hatudai kwamba michezo hii miwili ni ndugu wa damu, la hasha. Sataranji ilizaliwa Bara Hindi ikiitwa chaturanga, ikapita Uajemi, ikachukuliwa na Waarabu, na kwa njia ya Waarabu ikatufikia sisi pamoja na jina lake. Bao ni la kwetu Afrika. Lakini nambari hizo zinazopishana zatukumbusha kwamba akili ya binadamu, popote ilipo, hupenda kujipima katika uwanja mdogo wenye sheria chache na njia zisizohesabika.

Sasa tuangalie jinsi mtu anavyofuzu chini ya mti. Wachezaji wa bao au wa drafti wakikusanyika, ubao huwa mmoja na watu huwa wengi. Sheria ni moja tu: aliyeshindwa huondoka, aliyeshinda hubaki, na anayefuata huketi. Hakuna orodha, hakuna ada, hakuna barua kutoka ofisini. Mwenye kiti ni mwenye kiti kwa sababu watu wote waliopo wameona kwa macho yao jinsi alivyokipata. Zaidi ya hayo, wale wasimamao pembeni si watazamaji tu. Wao ndio waamuzi na ndio kumbukumbu. Mtu akihamisha kete kwa hila, vinywa kumi hufunguka. Akidai kwamba jana alishinda mara tano, atakuwapo mzee wa kumwambia kuwa zilikuwa mara tatu, na ya tatu alisaidiwa. Huu ni utaratibu wa haki kuliko tunavyodhani, na ni vema walimu wakauchunguza kabla ya kuudharau.

Hata hivyo utaratibu huo una mipaka yake. Bingwa wa mti huu ni bingwa wa mti huu. Umbali wa nusu saa kwa baiskeli upo mti mwingine wenye bingwa mwingine, na hao wawili huenda wasikutane maisha yao yote. Tena kiti cha chini ya mti ni cha mwenye wasaa. Mwanamke atokaye shambani akaelekea kisimani, na kutoka kisimani akaelekea jikoni, hapiti hapo ila kwa haraka. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mti humjaribu kwa haki kila aketiye, lakini hauwaketishi wote.

Wasukuma walikuwa na njia ya pili ya kumpima mtu, nayo ni ngoma. Masimulizi yao huwataja watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahodari wa kucheza na wenye dawa zilizosifika. Wafuasi wao ndio walioanzisha vyama viwili vya ngoma ambavyo majina yake yangali hai hadi leo, yaani Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo mbili hukutana, na kila upande hucheza katika uwanja wake kwa wakati uleule mmoja. Watazamaji huwa huru kwenda huku na huku. Upande unaovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Basi hapa mwamuzi si mtu mmoja mwenye filimbi. Ni miguu ya umma. Kiongozi wa ngoma, yule aitwaye ningi, hawezi kupewa ushindi na jamaa yake aliyeketi mezani. Hana budi kuuvuta mwenyewe kwa nyimbo mpya, kwa vituko, na kwa mazoezi ya miezi mingi.

Njia ya tatu ilikuwa ni kuchaguliwa. Vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, ambaye aliongoza kazi zao za ushirika, hasa za kulima. Huyu hakurithi cheo kama mtemi. Vijana wenyewe ndio waliomteua, kwa kuwa walilima naye na kula naye, na walimjua mvivu na mwenye bidii kuliko mzee yeyote aliyeketi mbali. Kwa hiyo katika jadi moja twaona njia tatu za kufuzu: kumshinda mwenzako mbele ya macho ya watu, kupendwa na umma ulio huru kuondoka, na kuteuliwa na wale wanaokujua kwa kazi. Zote tatu zina kitu kimoja kinachozifanana. Hakuna hata moja iliyofanyika gizani.

Tukiisha kuyajua hayo, twaweza kuitazama sataranji ya leo bila ya kuiogopa. Mchezo huu una shirikisho lake la dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924. Mataifa wanachama hugawanywa katika kanda, na bara letu la Afrika limegawanywa vivyo hivyo. Mchezaji huanza kwao, katika mashindano ya taifa. Akifaulu huenda katika mashindano ya kanda, kisha huweza kufika mashindano ya Afrika, na kutoka hapo Kombe la Dunia. Kombe hilo lilipochezwa Baku mwaka 2023 walishiriki watu 206, na kila raundi aliyeshindwa alifungasha mizigo yake akarudi kwao. Wanaofika mbele kabisa huungana na wengine waliofuzu kwa njia nyingine, wakawa wanane, na hao wanane hucheza ili kumpata mmoja wa kumkabili bingwa wa dunia. Ndiyo kusema kwamba baina ya kijana wa kijijini na kiti cha juu kabisa ipo ngazi, na kila kipandio cha ngazi hiyo kimeandikwa mahali ambapo mtu yeyote aweza kukisoma.

Ngazi hiyo imekwisha kupandwa na Waafrika. Amon Simutowe wa Zambia, jirani yetu, alitimiza masharti ya cheo cha juu kabisa cha mchezo huu mwaka 2007. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alikipata cheo hichohicho kwa kushinda mashindano ya Afrika yaliyofanyika Windhoek mwaka 2014. Na vijana wasidhani kwamba umri ni kikwazo. Gukesh Dommaraju wa India alikuwa na miaka 18 alipotwaa ubingwa wa dunia huko Singapore mwezi Desemba mwaka 2024. Nafasi yake miongoni mwa wale wanane aliipata kwa alama alizojikusanyia katika mashindano mbalimbali ya mwaka 2023, nayo ilithibitika siku za mwisho kabisa za mwaka huo.

Hapa lakini ndipo penye fundo ambalo mwalimu wa Bariadi hana budi kulifungua. Mbali ya ngazi ya mashindano, sataranji ina hesabu ya viwango. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Arpad Elo aliitunga, na FIDE ikaikubali mwaka 1970. Kila mchezaji aliyesajiliwa ana nambari yake. Akimshinda mwenye nambari kubwa, yake hupanda sana. Akimshinda mwenye nambari ndogo, hupanda kidogo. Ni hesabu nzuri, isiyojali kabila wala uso wa mtu. Lakini ili upate nambari yako ya kwanza huna budi kucheza na watu ambao tayari wanazo nambari zao, katika mashindano yaliyoandikishwa na yenye mwamuzi anayetambuliwa. Sasa tumfikirie kijana wa Itilima ambaye amewashinda wote wa shule yake, wote wa kata yake, na wote wa wilaya yake. Ikiwa hakuna hata mmoja kati ya hao aliye na kiwango, basi kijana huyo, kwa hesabu za dunia, hajacheza hata mchezo mmoja. Si kwamba amehesabiwa kuwa dhaifu. Hakuhesabiwa kabisa.

Jambo hili lafanana na kisima. Maji huwa mengi chini, lakini pasipokuwa na kamba ndefu ya kutosha, aliye juu atasema kwamba kisima ni kikavu. Viwango vya wachezaji hukusanyika mahali ambapo pana wachezaji wenye viwango, yaani katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, na mtoto wa shamba hubaki nje kwa sababu tu alizaliwa mbali na kamba. Wala hapana haja ya kumlaumu mtu kwa hilo, kwa maana ndivyo hesabu yenyewe ilivyo. Dawa yake ni moja: kufanya mashindano ya mkoa yenye utaratibu unaotambuliwa, na kuwaalika wachezaji wachache wenye viwango waje kucheza pamoja na wenyeji. Wageni hao hawaji ili kuwafundisha watu wetu unyenyekevu. Wanaleta mbegu, wakiisha kuondoka, wenyeji watano au sita watakuwa na nambari zao, na mwaka unaofuata hao ndio watakaokuwa mbegu kwa wengine.

Serikali yetu iliona mapema kwamba michezo yahitaji ngazi. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa, na chini yake vyama vya michezo husajiliwa na kusimamiwa. Katika shule zetu ngazi hiyo twaijua kwa majina ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Timu huanza shuleni, hupanda hadi kata, hupanda hadi wilaya, hupanda hadi mkoa, na mwishowe mikoa hukutana kitaifa. Tumewaona vijana wa Simiyu wakipanda magari wakiwa wamevaa fulana za mkoa, wakiimba njia nzima, na tumeona jinsi kijiji kizima kinavyosimama wima kwa sababu ya mtoto mmoja. Ngazi ni kitu kizuri. Lakini ngazi huweza pia kuibiwa kipandio kimoja, na aliye chini asijue kwa nini mguu wake unakanyaga hewa.

Tulishuhudia jambo hilo katika shule moja ambayo hatutaitaja. Palikuwapo msichana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mkulima wa pamba, aliyejifunza drafti kwa kaka zake walipokuwa wakichunga ng'ombe, kisha akajifunza sataranji kwa majuma machache tu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikaa kwenye ubao aliweka mikono yake chini ya mapaja ili isije ikagusa kete kabla ya akili kukata shauri. Katika muhula mmoja aliwashinda wavulana wote waliokubali kukaa naye. Ikafika siku ya kupeleka majina ya wachezaji watakaokutana na shule nyingine. Majina yaliandikwa jioni, katika chumba kilichofungwa, na asubuhi yakabandikwa. Yalikuwa manne, yote ya wavulana, na wawili kati yao alikuwa amewashinda mara nyingi zisizohesabika. Tulipouliza sababu tuliambiwa kwamba safari ni ndefu na kumlinda msichana njiani ni kazi. Yeye mwenyewe hakuuliza neno. Aliisoma orodha, akaisoma tena, akaenda kuchota maji kwa zamu yake. Muhula uliofuata hatukumwona tena kwenye ubao.

Tumelisimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha kwa nini kufuzu si suala la michezo tu. Wale waliofunga mlango jioni ile hawakusema kwamba msichana huyo hakuweza kucheza. Walichosema ni kwamba uwezo wake haukuwa na uzito wa kutosha kuwataabisha. Na mtoto akijifunza kwamba kushinda hakuleti haki, amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta kwa urahisi. Ataenda nalo shambani, ataenda nalo katika ndoa, na huenda siku moja akawafundisha watoto wake.

Wala jambo hilo si la Usukumani peke yake. Mwaka 1986 Susan Polgar wa Hungaria, akiwa msichana wa miaka 17, alifuzu kuingia katika mashindano ya kanda ya kuelekea ubingwa wa dunia, lakini akazuiwa kwa sababu mashindano hayo yaliitwa ya wanaume. Baadaye sheria ilibadilishwa na mlango ukafunguliwa. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, wengi wamekwisha kusikia habari za Phiona Mutesi wa Uganda, aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe mjini Kampala kwa mwalimu Robert Katende, na ambaye baada ya Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Istanbul mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa. Tunaloliona la maana katika habari zake si umaskini wa Katwe, ambao watu wameusimulia sana. Ni kwamba alipowashinda wenzake, ushindi wake uliandikwa, na maandishi hayo yakampandisha ngazi.

Tuseme basi kwamba mkoa wa Simiyu waamua kuandaa mashindano ya sataranji ya vijana wake. Ni utaratibu gani ungefaa? Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Wakija wachezaji 32, na kila mmoja akitakiwa kucheza na kila mmoja, itabidi michezo 496. Hakuna shule iwezayo kuwalisha watoto kwa muda huo. Mkiamua kwamba anayeshindwa aondoke, itatosha michezo 31 katika raundi tano, lakini nusu ya watoto waliosafiri tangu alfajiri watakuwa wamemaliza baada ya mchezo mmoja. Mtoto aliyetoka Mwanhuzi kwa basi la vumbi, akakutana na bingwa wa Maswa katika raundi ya kwanza, atarudi nyumbani bila ya kujifunza kitu ila uchungu.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa sataranji hupenda utaratibu ulioanzia Uswisi mwaka 1895. Katika utaratibu huo hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza ikiisha, walioshinda hukutanishwa na walioshinda, na walioshindwa hukutanishwa na walioshindwa, na hivyo hivyo kila raundi, pasipo watu wawili kukutana mara mbili. Kwa wachezaji 32, raundi tano zatosha kumpata mshindi asiye na shaka. Wawili wakilingana alama, hujumlishwa alama za wapinzani wao, na yule aliyekutana na watu wagumu zaidi hutangulia. Huu ni utaratibu wa kiutu. Kila mtoto hucheza mara tano, kila mtoto mwishowe hukutana na mtu wa kimo chake, na hata aliye wa mwisho hurudi kwao akiwa na habari za kusimulia.

Kisha kuna suala la nafasi. Ikiwa kila wilaya itapewa idadi sawa ya wachezaji, Bariadi yenye shule nyingi italalamika. Ikiwa nafasi zitatolewa kwa wingi wa shule, wilaya ndogo zitamezwa. Sisi twaona njia ya kati: kila wilaya ipate nafasi kadhaa zilizo sawa, wavulana kwa wasichana, na nafasi chache zinazobaki zishindaniwe siku moja kabla, palepale uwanjani, na yeyote aliyejifikisha kwa nauli yake au kwa baiskeli yake. Mlango huo wa mwisho ni mdogo, lakini haufai kufungwa kamwe. Ndio mlango wa yule ambaye jina lake lilisahauliwa jioni katika chumba fulani. Na tarehe iangaliwe: yasifanyike wakati wa palizi, wala wakati pamba inapochumwa, wakati ambapo mikono ya watoto yahitajiwa shambani na walio maskini zaidi ndio watakaokosa kuja.

Wako watakaosema kwamba sheria hizi zote zaweza kumwacha nyuma kijana mwenye kipaji aliyeugua siku ya mchujo, na kwamba mwalimu mwenye jicho apewe uwezo wa kumteua. Hoja hii si ndogo. Robert Fischer wa Marekani hakushiriki mashindano ya nchi yake yaliyokuwa ndiyo mchujo, na kwa sheria hakuwa na haki ya kuendelea mwaka 1970. Mchezaji mwenzake Pal Benko, ambaye alikuwa amefuzu kwa jasho lake, alikubali kumwachia nafasi. Fischer alipita, na mwaka 1972 akatwaa ubingwa wa dunia huko Reykjavik. Lakini msomaji na atazame kwa makini ni nani aliyetoa. Haikutolewa nafasi ya mtu bila ya mwenyewe kujua. Mwenye haki ndiye aliyeitoa haki yake, mchana, kwa hiari, na kila mtu alijua ni nani aliyetoa na ni nani aliyepokea. Hata chini ya mti tumemwona mzee akimpisha kijana kiti ambacho ni zamu yake, ili watu waone kijana atakavyomkabili mgeni. Kupisha ni tendo la heshima. Kupokonywa ni jambo lingine.

Wapo pia watakaotuuliza kwa nini tunajishughulisha na mchezo wa wafalme na malkia wa kigeni, hali isolo inasahauliwa. Twawajibu kwamba hatuoni ugomvi baina ya hiyo miwili. Taifa letu lilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, halikukusudia kujenga ukuta. Mwalimu Nyerere, aliyeifurahia michezo ya bao pamoja na wazee, ndiye huyohuyo aliyetoa mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Tena lugha yetu yenyewe imekwisha kuipokea sataranji kwa muda mrefu: neno shaha, ambalo asili yake ni mfalme wa mchezo huo, ndilo tumpalo mshairi aliyewazidi wenzake. Wala tusiiachie isolo ife. Utaratibu uleule wa raundi tano, kalamu ileile na karatasi ileile, vyaweza kuwakutanisha mabingwa wa miti ambao hawajakutana maisha yao yote. Ingekuwa jambo la fahari siku moja katika uwanja mmoja mjini Bariadi kuona upande huu vijana wakiwaza juu ya farasi na ngome, na upande ule wazee na akina mama wakigawa mbegu katika mashimo, na kila upande una daftari lake la matokeo.

Kwa walimu wenzetu tuna ombi moja jepesi. Katika kila shule paweko karatasi ukutani, penye kivuli ambapo mvua haifiki, iliyochorwa mistari kwa rula. Majina ya wachezaji wote yaandikwe pembeni na tena juu, wasichana kwa wavulana, bila ya kuulizwa ni mtoto wa nani. Kila mchezo ukiisha, matokeo yaandikwe palepale na wachezaji wenyewe, mbele ya wenzao. Karatasi hiyo haigharimu zaidi ya shilingi chache, na ubao waweza kuchorwa kwenye kipande cha boksi. Na siku ile barua itakapotoka wilayani kuuliza ni nani atakayeiwakilisha shule, mwalimu asiende chumbani kufikiri. Aende ukutani akasome.

Kwa vijana tuna neno moja zaidi. Mkikuta jina lenu halimo katika orodha, na mwaamini kwamba lilistahili kuwamo, msiende kuchota maji mkanyamaza. Ulizeni kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa anavyouliza: niliowashinda ni hawa, na walionishinda ni hawa, je, hesabu imekosewa wapi? Swali hilo si utovu wa nidhamu. Wazee wa chini ya mti huliuliza kila siku, na hakuna aliyepata kuwafukuza.